Kabla ya kuuza telefone juu ya shindano ya goti

Katika mikutano ya sendika yetu, iwe Misisi, iwe Lubichako ao hapa Baraka, watu wananiuliza bei ya dhahabu mara moja, kisha wananiuliza juu ya magoti mara kumi. Na siku hizi ulizo limekuwa lile lile: "Mukubwa, ile shindano ya gel inayorudisha mafuta ya goti, ni ya kweli?" Wengine wanaleta na video kwenye telefone. Mtu amevaa koti jeupe, ameshika shindano nene, ndani yake dawa inang'aa kama ute. Mgonjwa anaamka, anatembea, anacheka. Mwishoni kuna namba ya WhatsApp na bei kwa dolari.

Ni heri nijibu hapa gazetini, maana hata mama zetu na watoto wetu wanasoma ukurasa huu, na mara nyingi ni mama wa nyumba ndiye anayeombwa auze kitu ili pesa ipatikane. Jibu langu: dawa hiyo ipo, si uchawi. Lakini kwa goti la mchimbaji haifanyi kile wanachokuahidi, na franga hiyo iko na kazi nyingine. Tena kuna mtu mwingine anayepashwa kulipa juu ya goti lako, na yeye anafurahi sana ukiendelea kulipa peke yako.

Mimi si munganga. Haya ninayoandika nimeyasoma na kuyauliza kwa wanaojua. Mtu mwenye goti bovu aende kuonwa na munganga, asitibiwe na gazeti.

Tuanze na gel yenyewe, kwa sababu mtu akijua kitu ni nini hadanganywi haraka. Mama akikata dongodongo na kuitia motoni, unaona ute. Ute ule ni sukari, si ile ya chai, ni sukari nyingi zilizoshikana moja nyuma ya nyingine kama shanga kwenye uzi mrefu. Wataalamu wanaita uzi wa namna hiyo polisakaridi. Wanga wa muhogo ni wa ukoo huo pia. Ndiyo maana unga ukikutana na maji ya moto unayashika yote na unakuwa bugali. Kitu kinachoshika maji mengi hivi bila kuyaacha yamwagike wanakiita hidrojeli. Ukikitengeneza laini kiasi cha kupita ndani ya shindano, umepata gel ya kudunga.

Mwili wetu unatengeneza uzi wa namna hii wenyewe. Unaitwa asidi hialuroniki. Mwaka 1934, kule New York, wataalamu wawili, Karl Meyer na John Palmer, waliutoa ndani ya jicho la ng'ombe. Baadaye wakajua kwamba uko pia ndani ya magoti, ndani ya ngozi, na mwingi sana ndani ya ile nyama nyekundu iliyo juu ya kichwa cha jogoo. Ndiyo, jogoo. Kwa miaka mingi gel hii ilitolewa kwenye vichwa vya jogoo. Leo nyingi inatengenezwa na bakteria ndani ya mapipa ya viwanda. Mwaka 1997 serikali ya Marekani iliruhusu ile inayouzwa kwa jina la Synvisc kudungwa ndani ya goti, shindano tatu, moja kwa kila juma. Ndani yake nyuzi zile zimefungwa moja kwa nyingine ili mwili usiziyeyushe haraka.

Kuna pahali ambapo gel za namna hii ni baraka ya kweli. Mzee aliyepata ukungu wa jicho, ile cataracte, akipasuliwa, munganga anatia gel ndani ya jicho ili lisijikunje na lisiumizwe na vyuma. Kazi hiyo ilianza na gel ya jogoo miaka ya mwisho ya 1970, na leo gel ya bei ndogo inayotokana na nyuzi za mimea inafanya kazi hiyo hiyo katika hospitali nyingi za Afrika. Basi mtu asiseme kwamba ninakataa sayansi. Ninakataa biashara ya goti.

Goti si moteri ya motopompe, kwamba mafuta yakipungua unaongeza na kazi inaendelea. Chukua mguu wa kuku, uuvunje kwenye kiungo. Utaona kitu cheupe, laini, kinateleza, kimefunika ncha ya mfupa. Hiyo ni gegedu. Ndani ya goti la mtu kuna hiyo, tena kuna vipande viwili vyenye umbo la mwezi mchanga, vinabeba uzito kati ya mifupa miwili. Gegedu haina mishipa ya damu, kwa hiyo ikilika hairudi kama ngozi inavyorudi ukikatwa. Sasa fikiri mtu anayetambaa ndani ya galeri ya urefu wa meza, magoti juu ya jiwe, saa nyingi, kisha anainuka na mfuko wa mawe mgongoni, anapanda, anashuka tena. Goti linakunjwa mpaka mwisho, linabeba, linazungushwa. Kila siku kidogo kinalika. Yale maji ya goti yanabadilika, ni kweli, yanakuwa mepesi, lakini hayo ni matokeo ya goti kuharibika. Ukimwaga gel mpya ndani ya goti lililolika ni sawa na kupaka rangi nyumba ambayo nguzo zimeliwa na mchwa.

Wanaouza watakuambia: "Wazungu wanaitumia." Kweli, wengine wanaitumia. Lakini angalia wanganga wao wenyewe wanasema nini. Mwaka 2022 gazeti la wanganga la Uingereza, BMJ, lilitoa utafiti uliokusanya majaribio 169 ya gel hii ndani ya goti, watu zaidi ya 20,000. Katika majaribio makubwa kundi moja lilipewa gel, lingine likapewa dawa ya uongo inayofanana nayo, na wagonjwa hawakujua nani amepata nini. Wakipima maumivu kwa namba kutoka 0 mpaka 100, tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa kama 2. Mbili juu ya mia! Mtu hawezi kuisikia tofauti hiyo mwilini. Na matatizo makubwa ya afya yalikuwa mengi zaidi kwa waliopewa gel. Mwaka ule ule, NICE, shirika linalowaongoza wanganga wa serikali ya Uingereza, liliandika wazi kwamba gel hii isitolewe kwa artroze. Chama cha wapasuaji wa mifupa cha Marekani nacho, mwaka 2021, kilisema isiwe dawa ya kila mgonjwa.

Utasema: lakini fulani alidungwa na akapona. Simkatalii. Maumivu ya artroze yanapanda na kushuka yenyewe. Halafu mtu akitoa pesa nyingi kwa shindano, anapumzika, anachunga mguu, haingii shimoni majuma matatu. Hata bila shindano goti lile lingetulia. Nani atampa mchimbaji majuma matatu ya kupumzika? Hilo ndilo ulizo ninalolipenda zaidi, nitalirudia.

Kuna jambo la hatari ambalo inafaa niliseme polepole. Si kila kinachouzwa kwa jina la gel ni gel. Ukidungwa leo na kesho goti limetulia kama halikuwahi kuuma, uliza kama haukupewa kortikoidi. Ni dawa halali, munganga anaweza kuitumia kwa sababu nzuri, na inapunguza maumivu kwa majuma machache. Lakini ikirudiwa rudiwa inakula gegedu. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2017 ulichukua watu 140, nusu wakadungwa kortikoidi kila miezi mitatu kwa miaka miwili, nusu wakadungwa maji ya chumvi. Mwishoni waliopata dawa walikuwa wamepoteza gegedu zaidi, na maumivu yao hayakupungua kuliko ya wale wa maji ya chumvi. Sasa mchimbaji ambaye hasikii maumivu anafanya nini? Anarudi chini, anabeba mifuko miwili badala ya moja.

Na goti ni chumba kilichofungwa. Shindano chafu ao ngozi isiyosafishwa vizuri inaingiza mikrobe ndani, na mle hawana wa kuwafukuza haraka. Goti likivimba, likawa la moto, homa ikaingia, usingoje siku ya soko, usitie majani, usirudi kwa yule aliyekudunga. Nenda hospitali siku ile ile. Siku chache zinatosha kumaliza gegedu yote, na microbe akiingia damuni mtu anaweza kufa. Wewe wa Misisi unajua barabara yetu ilivyo wakati wa mvua. Ndiyo sababu nasema siku ile ile, si kesho yake.

Sasa goti linalouma lifanyiwe nini? Yako mambo madogo, hayapendezi kwenye video. La kwanza ni misuli ya paja. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mpaka uwe sawa na mbao, hesabu mpaka 10, shusha polepole. Mara 10 kwa kila mguu, asubuhi na jioni, siku zote, si siku mbili. Paja lenye nguvu linabeba mzigo ambao goti lingebeba. Inafanya kazi baada ya majuma, si baada ya saa. Dawa za maumivu zinasaidia, lakini zile kama diklofenaki na ibuprofeni zinachoma tumbo na kuharibu figo mtu akizila kila siku juu ya tumbo tupu, na sisi kwenye karriere tumbo tupu ndiyo kawaida. Goti linalojifunga ghafla na kukataa kunyooka, hilo linahitaji munganga wa mifupa. Yule mwenye artroze ya mwisho kabisa, kule ng'ambo wanamtia goti la chuma. Kwetu ni wachache mno wanaofikia hapo, na sitawaahidi kitu.

Na hizo gel zinazootesha gegedu mpya? Wataalamu wa nchi nyingi wanazitafuta, wanachanganya gel na chembe hai, kazi nzuri, naitakia mema. Lakini anayekuambia kwamba anayo kwenye begi lake hapa Baraka, mfunge mlango.

Nimesema kuna mtu mwingine anayepashwa kulipa. Tuangalie wenzetu wachimbaji wa makaa wa Uingereza. Nao walikuwa wanafanya kazi wamepiga magoti ndani ya galeri fupi. Mwaka 2008 baraza la wataalamu linaloshauri serikali yao lilisema: artroze ya goti kwa watu hawa inatokana na kazi. Mwaka 2009 iliandikwa kwenye orodha ya magonjwa ya kazi. Mchimbaji aliyefanya angalau miaka 10 chini ya ardhi, pamoja na masharti mengine, anaweza kulipwa na serikali kila juma, bila kutafuta nani ana kosa. Jambo la kusikitisha ni kwamba mwaka 2009 migodi yao mingi ilikuwa imekwisha kufungwa, tangu nyuma ya ule mgomo mkubwa wa 1984 na 1985. Haki ilifika wakiwa wazee, na wengine walikuwa wamezikwa.

Ujerumani nao, mwaka ule ule wa 2009, waliiandika artroze ya goti kama ugonjwa wa kazi, na wakaweka hesabu: saa 13,000 za kupiga magoti katika maisha ya kazi, angalau saa moja kwa kila zamu. Fanya hesabu yako. Mtu anayepiga magoti saa 5 kwa siku, siku 6 kwa juma, majuma 50 kwa mwaka, anafikisha saa 1,500 kwa mwaka. Mbele ya kumaliza miaka 9 amepita 13,000. Kijana aliyeingia shimoni na miaka 18 anafika hapo hajatimiza 27. Kule Ujerumani wangemwita mgonjwa wa kazi. Kwetu tunamwita mvivu.

Hapa Kongo tuko na CNSS, na sheria ya tarehe 15 Julai 2016 inataja ajali na magonjwa ya kazi. Lakini mchango wa sehemu hiyo unalipwa na mwajiri, na mchimbaji wa mashimo yetu hana mwajiri kwenye karatasi. Code minier iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018 inatudai tuwe ndani ya koperative iliyokubaliwa na serikali. Vizuri. Basi koperative ikishachukua mchango wetu, iwe na kazi kwa miili yetu pia, isiwe tu na kazi ya kuhesabu mifuko.

Najua ma-PDG watanijibu nini, wamenijibu mara nyingi: "Creuseur ni mtu huru, hana patron, anagawana tu." Haya, tuongee juu ya kugawana. Mbele ya kugawana, tunatoa nini? Mazutu ya motopompe inatolewa mbele. Miti ya kushikilia galeri inatolewa mbele. Chakula kinatolewa mbele, na mwenye shimo anarudisha gharama zake mbele. Hakuna anayesema pompe ni mtu huru ijitafutie mazutu. Basi na genouillères, yaani zile mito za kufunga magotini, zitolewe mbele vilevile, jozi moja kwa kila mtu anayeingia, na zibadilishwe zikichakaa. Mpaka ziletwe, fundi viatu anaweza kuzishona kwa mpira wa ndani wa tairi na kipande cha godoro. Hazimalizi tatizo, maana goti linaumizwa pia na kukunjwa na mzigo, lakini jiwe halitagusa mfupa.

Kisha galeri. Galeri ya kutambaa inachaguliwa kwa sababu kuipanua kunakula siku ambazo mawe ya dhahabu hayatoki. Ni hesabu ya mwenye shimo, inayolipwa na magoti ya mwingine. Tunaomba koperative ziweke urefu wa chini ambao shimo jipya halitaruhusiwa kupungua, na wakubwa wa SAEMAPE, ambao kazi yao ni kutusaidia na kutusimamia, washuke kuupima badala ya kuishia juu kwenye kivuli. Mifuko ivutwe kwa kamba na gurudumu pale inapowezekana. Zamu za kupiga magoti zibadilishwe ndani ya siku, asubuhi chini, mchana juu. Na mtu aliyeandikiwa na munganga kupumzika majuma matatu asiondolewe kwenye kikosi. Fungu lake liwe dogo, sawa, lakini liwepo. Haya yote ni rahisi kuliko shindano tatu za gel.

Mama wanaotwanga mawe pia wasisahauliwe. Wengi wanapiga magoti ao wanachuchumaa kutwa nzima, jioni wanabeba maji, na wao kwenye hesabu za koperative hata majina hayamo. Nimeisikia hoja kwamba ni "wasaidizi" tu. Wanasaidia nani?

Kila mkutano ninaofanya kuanzia sasa nitaomba kitu kimoja zaidi: daftari. Jina, mwaka wa kuingia, shimo, kazi gani, saa ngapi chini. Wale Waingereza walilipwa kwa sababu waliweza kuonyesha miaka yao. Sisi, siku sheria yetu itakapofunguka, tutaonyesha nini? Kadi ya mchimbaji inadumu mwaka mmoja, na wengi wakichukua mpya wanatupa ile ya zamani. Usiitupe. Mpe mama wa nyumba aitie ndani ya ule mfuko wa plastiki ambamo anaweka kadi za chanjo za watoto, moja juu ya nyingine, kwa kufuata miaka.